Karatasi za Kadhi na Hirizi ya Kwetu

Ibra, Sharqiya,
Omani.

Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Marijani,

Shikamoo kaka. Kabla sijasema lolote nataka kujua kama kifua chako kimepoa au bado unakohoa kila upepo ukigeuka, na kama goti la Mama linamruhusu kutoka uani mwenyewe au bado anashikwa mkono. Wifi Shukriya je, na watoto, na wale mbuzi wawili niliowaacha wana mimba? Namwomba Mungu nyote muwe wazima. Kama kuna mgonjwa usinifiche, kama mlivyonificha habari za Baba mpaka arobaini ikapita. Hilo sijalisahau.

Mimi ni mzima wa kusimama. Mgongo unauma asubuhi na mikono imechubuka kwa dawa za kusafishia vyoo, lakini nakula, nalala na nasali. Huku joto limeondoka. Asubuhi navaa lile sweta la buluu ulilonipa siku tuliyoagana stendi, na maji ya bomba yana baridi kama ya mtungini.

Utashangaa kupata barua ya mkono badala ya sauti yangu kwenye simu. Simu hii nilipewa na nyumba hii. Laini imeandikishwa kwa jina la mwajiri wangu, Bwana Asaad, na aliyeniwekea kila kitu ndani yake ni binti yake, Lamees. Mara mbili Lamees ameniuliza jambo ambalo nilimwambia Wifi peke yake. Inawezekana nilisema mwenyewe jikoni nikasahau. Inawezekana siyo. Kwa hiyo nikikupigia Jumapili nitacheka na kuuliza habari za mvua, na wewe nijibu habari za mvua. Haya ninayoandika hapa usiyataje kwenye simu hata neno moja.

Barua inakuja na Hadiya, yule mwenzangu wa Kilwa niliyekwambia, ambaye tunakutana soko la wanawake kila Jumatano. Mkataba wake umekwisha na anaondoka Jumatatu. Nitamshonea bahasha ndani ya bitana ya mkoba wake. Nilipomwambia hivyo alinicheka, akasema, "Shoga, wewe sasa unaogopa hata kivuli cha mtende." Acha acheke.

Sasa sikiliza, kaka. Mwanzoni mwa Desemba, tarehe mbili au tatu, Bwana Asaad atafika huko kijijini kwetu Kisimani. Atakuja na tende na halwa na atakusalimu vizuri, kwa sababu ni mtu wa adabu. Atasema anataka kuutengeneza msikiti wa zamani na kusafisha kisima. Huenda akatoa karatasi ya majina. Mtu yeyote asitie sahihi na mzee yeyote asitie dole gumba, hata kama karatasi inasema tu kwamba mmepokea tende.

Nina shaka kwamba anachokifuata ni ardhi. Siyo kipande, ni Kisimani yote, kuanzia msikitini mpaka minazi ya mwisho upande wa mto, nyumba zetu arobaini na moja, pamoja na makaburi ya Baba na Babu. Anayo hati ya kununulia. Nimeiona kwa macho yangu, ina muhuri mwekundu kama kovu. Sisi hatuna hati yoyote, tuna kukaa tu. Au ndivyo nilivyodhani mpaka Septemba.

Nianze mwanzo ili usipotee.

Unamkumbuka yule dalali wa kazi wa Dar? Siku ile tulikuwa wanawake ishirini na wawili kwenye benchi. Hakuuliza nani anajua kupika wala nani amewahi kulea mgonjwa. Aliuliza nani ametoka pande za Kisimani, na nani anasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa khati za Kiarabu. Niliinua mkono peke yangu. Nikajiona nina bahati, nikamshukuru Baba kwa viboko vya chuo cha Kurani. Sasa ni miaka miwili na sijaacha kujiuliza ile bahati nani aliipanga.

Ninayemhudumia ni Bi Wadha, mama yake Bwana Asaad. Ana miaka themanini na sita na macho yake hayaoni tena ila mwanga na giza. Alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha zamani cha mjini, kitamu, hata akikugombeza unataka aendelee. Wanawe Kiswahili chao ni cha kuombea chai. Wajukuu ndiyo kabisa, hata Lamees anayekisikia kidogo, wanamkata katikati kwa Kiarabu. Kwa hiyo siku nzima mtu wa kuzungumza naye ni mimi, nikiwa na ufagio au sina.

Kazi yangu ya alasiri, baada ya kumwogesha na kumpa kahawa, ni kumsomea karatasi. Ni karatasi za babu wa baba yake, Sheikh Nadhir bin Muntasir, aliyekuwa kadhi. Bi Wadha alizitoa Unguja mwaka ule wa mapinduzi ndani ya foronya, amezilalia kama mto kutoka Unguja mpaka huku. Sasa ziko kwenye chombo cha plastiki cha kuwekea mkate. Za Kiarabu anazisoma Lamees. Za Kiswahili Lamees anazitamka kama kasuku, Kiswahili hicho cha zamani hakielewi, ndiyo maana napewa mimi.

Huyo Kadhi nimemjua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Alizaliwa hapa hapa Ibra, kwenye mtaa wa kale wa nyumba za udongo ambazo sasa ni magofu, nazipita nikienda sokoni. Akapelekwa Unguja ana miaka tisa. Akasoma, akawa wakili, yaani alisimama mbele ya makadhi kuwasemea watu wasiojua kujisemea. Karatasi za miaka hiyo ndizo nyingi. Mjane anadai mirathi, baharia anadai nanga yake, mwanamke anataka kuachwa na mume hataki kusema neno. Alikuwa na ulimi. Bi Wadha anasema aliwahi kumshinda ami yake mwenyewe kesi ya minazi sita, na ami mtu hakusema naye tena mpaka kufa.

Kisha akaingia siasa. Akaitwa barazani kwa Seyyid, mfalme wa Unguja wa wakati ule, akawa miongoni mwa wanaoulizwa shauri. Hapo karatasi zinabadilika, kaka. Wajane hawapo tena. Kuna barua za kusifu, barua za kuonya, na barua zilizokatwa majina. Lamees anazipenda hizo kuliko zote kwa sababu anaandika kijitabu cha chuo chake, na anataka kuonyesha babu yao alikuwa mtu mkubwa. Nilimwuliza nani aliyakata majina. Akasema, "Labda panya, Hanifa." Panya hakati mraba.

Baadaye aligombana na wakubwa wenzake, akaondolewa barazani, akapewa ukadhi wa huko kwetu pwani ya Pangani. Nadhani palikuwa mahali pa kumweka mtu asionekane. Ndipo aliponunua shamba la Kisimani kwa mfanyabiashara mmoja, na ile hati yenye muhuri mwekundu ndiyo ya manunuzi hayo.

Na usidhani namsifu. Ipo orodha ya watumwa wake kumi na saba, jina na umri, kwa ule ule mwandiko mzuri aliowaandikia wajane. Niliisoma jina kwa jina. Lamees alitaka kuiruka katika kijitabu chake. Bi Wadha akamwambia, "Iandike. Walikuwapo." Sikujua nimpende kwa neno hilo au niogope kinachofuata.

Sasa nikupeleke kwenye hirizi.

Mwezi wangu wa kwanza hapa, kwa ujinga wa mgeni anayetaka kupendwa, nilisimulia jikoni habari za hirizi ya mji wetu. Nilisema imeshonwa kwa ngozi, inatundikwa juu ya mihrabu ya msikiti wa zamani, ufunguo anao mkubwa wa ukoo wetu, na kila mwaka, siku ya kuoga mwaka, tunaizungusha kijiji kizima kwa ubani na matari. Nikasema Baba alituonya kwamba atakayeifungua atapofuka. Bi Wadha alikuwa anakunywa kahawa, akaweka kikombe chini. Bwana Asaad alikuwa mlangoni anavaa viatu. Akarudi ndani na kiatu kimoja.

Akaniuliza, "Hiyo ngozi ya nini? Ng'ombe, mbuzi?"

Tangu siku hiyo ameniuliza hirizi mara nne. Mara ya kwanza alitaka kujua kama bado ipo. Mara ya pili, nani ana ufunguo. Nikamtajia jina lako, Mungu anisamehe. Mara ya tatu, kama kuna mtafiti amewahi kuipiga picha. Ramadhani iliyopita akaniambia ingependeza ikae jumba la makumbusho, ndani ya kioo, na taa. Nikamwambia hirizi si yangu, ni ya kijiji. Akatabasamu. "Mimi nauliza tu, Hanifa. Nauliza tu." Mtu anayeuliza tu haulizi mara nne.

Nisimwonee. Hajawahi kunitukana wala kuniinulia mkono, na nilipougua meno alinipeleka mwenyewe kwa gari. Lakini pasi yangu ya kusafiria iko kabatini kwake, na kila nikiiomba anasema iko salama.

Mwezi wa Septemba, siku moja napanga karatasi peke yangu, nilikuta moja nene, imekunjwa mara nane. Nikaifungua nione kama ina mchwa. Jina la kwanza nililoliona ni Majaliwa bin Feruzi, mchimba kisima, mkaazi wa Kisimani. Nilikaa chini sakafuni, kaka. Huyo ni babu yake Babu, ambaye wewe umepewa jina la mwanawe.

Maneno yake ni haya kwa ufupi. Majaliwa na wenzake walifyeka pori, wakachimba kisima, wakakaa miaka ishirini na tatu bila mtu kuwauliza. Kadhi akaja na hati yake akasema shamba ni lake. Watu wakamwambia Majaliwa usihangaike, utamshtaki kadhi kwa nani? Majaliwa akaenda akamwambia Kadhi usoni kwamba hati imeuzwa na mtu asiyewahi kushika jembe pale, na kwamba anataka kushtaki, ila hajui kuandika.

Na Kadhi akamwandikia. Ndivyo karatasi inavyosema. Aliketi akamwandikia Majaliwa madai dhidi yake yeye mwenyewe, kama alivyokuwa akiwaandikia watu zamani alipokuwa wakili. Na kwa kuwa mtu hawezi kujihukumu, akamwita kadhi mwingine, wa Kishafii, kutoka mji wa mbali, asikilize. Kesi ilichukua siku tatu. Kadhi Nadhir akashindwa. Shamba likaandikwa ni la Majaliwa na waliofyeka naye na vizazi vyao.

Najua utasema alikuwa mtu wa haki. Mimi nililala na jambo hili wiki nzima na sikusema hivyo. Nilijiuliza, mtu anayemwandikia adui yake madai anatafuta nini? Nikazitazama tarehe. Mwaka ule ule ipo barua ya kumwita arudi barazani Unguja. Huenda alitaka kurudi na jina safi. Huenda alichoka kuwa mtu wa kukata majina kwenye barua. Sijui. Mwandiko wake ni ule ule kwa wajane, kwa watumwa na kwa Majaliwa, huwezi kumsoma moyo.

Nilichofanya mimi si kizuri na nakueleza kama kilivyo. Niliificha, ila sikuitoa chomboni. Kila nikimsomea Bi Wadha nilisoma ya juu yake, kisha naiweka hiyo chini kimya na kusoma inayofuata. Niliogopa kwamba wakijua imo wataichana, nami nitakuwa nimewasomea kifo chetu kwa mdomo wangu. Wakati wa kufagia nikaanza kuinakili kwa mkono, mistari miwili leo, mitatu kesho.

Wiki mbili zilizopita niliiruka kama kawaida. Bi Wadha akasema, "Na ya kisima?"

Nikasema, "Ya kisima gani, Bibi?"

"Hiyo unayoiruka. Mara ya tatu leo. Karatasi nene kuliko zote, n'nasikia inavyochakarika ukiiweka chini. Macho ndiyo yaliyokufa, Hanifa, masikio bado."

Nilitamani sakafu inimeze. Akanipapasa mkono, akaniambia mambo ambayo hayajaandikwa popote. Kadhi aliusia kwamba kila mwaka, siku ya hitma yake, hukumu ile isomwe kwa sauti mbele ya warithi wake wote, na chakula kisitolewe mpaka isomwe. Huko Unguja walifanya hivyo kila mwaka. "Mimi mtoto wa miaka sita, nimekaa nyuma ya pazia, nasikia harufu ya uji wa pilipili manga, na baba anasoma Majaliwa bin Feruzi, Majaliwa bin Feruzi. Tulimchukia huyo Majaliwa kwa njaa."

Walipohamia huku ikakoma, kwa sababu wasomaji walikufa mmoja mmoja. Nikamwuliza, "Ndiyo sababu mlinitafuta mimi wa kule?"

Akasema, "N'lisema wangu wataiacha kuisoma. Kumbe na wa kule ataiacha." Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Kaka, amekaa miaka sitini. Mji huu umejaa watu waliotoka Unguja, asipate hata mmoja wa kumsomea? Kwa nini sasa, mwanawe akiwa ameshakata tiketi? Labda anamwogopa Mungu kwa kuwa siku zake ni chache. Labda anamwogopa mwanawe, hawezi kumwambia uso kwa uso, anataka karatasi imwambie. Na labda, nakwambia wazi, alitaka mwanawe aisikie yote kabla ya kufika kwenu, ajue cha kutafuta. Ananipenda, najua. Lakini ni mama yake.

Hitma ilikuwa jana Ijumaa, Mfungo Nane kumi na tatu. Bwana Asaad hakutaka. Alisema hayo ni mambo ya Zanzibar, huku hayana haja. Bi Wadha akasema hatakula mpaka afe, na akaanza kutokula asubuhi ile ile. Wakaja watu kumi na wanne, na binamu mmoja, Marzouq, aliendesha gari kutoka Manah. Wanaume walikaa majlisi, yaani sebule ya wageni, wanawake chumba cha pili, mlango wazi. Mimi nikasimama mlangoni. Uji nilikuwa nimeupika mwenyewe, ukasubiri jikoni.

Nilisoma. Nusu yao hawakuelewa kitu, kwa hiyo kila sentensi nikairudia kwa maneno mepesi, na Lamees akawa anaigeuza kwa Kiarabu. Tulifika mahali Kadhi anaposema, "Nami Nadhir bin Muntasir nimeshindwa kwa haki, na atakayedai baada yangu katika kizazi changu amedai uongo." Lamees hakuigeuza. Alimtazama baba yake.

Bi Wadha akasema kutoka chumba cha pili, "Sema."

Akasema. Nikasikia friji la jikoni linanguruma. Marzouq akacheka kwanza. "Mzee kajifunga mwenyewe," akasema, "na kamba kaisokota yeye."

Bwana Asaad akainuka akaja mlangoni, akanyoosha mkono. "Nipe." Nikampa, ningefanya nini. Akaitazama chini, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akasema kwa Kiswahili, ili nielewe mimi, "Hii muhuri hakuna."

Ni kweli. Hapana muhuri. Akaikunja mara nane kama ilivyokuwa, akaitia mfukoni mwa kanzu yake. Akasema kwa upole kabisa, "Uji utapoa." Basi tukawagawia uji, wakanywa, wakausifu.

Mstari wa mwisho wa karatasi ile nimekuachia mpaka hapa kwa makusudi. Unasema hivi: hukumu imeandikwa mara mbili. Hii isiyo na muhuri ni ya kusomwa na kizazi cha Nadhir. Yenye muhuri wa makadhi wawili imeshonwa katika ngozi ya mbuzi, isiingie maji wala mchwa, ikakabidhiwa Majaliwa bin Feruzi, aihifadhi yeye na mkubwa wa ukoo wake baada yake.

Sasa umeelewa kwa nini aliuliza ngozi ya nini, akiwa na kiatu kimoja. Nilipokuwa namvisha Bi Wadha jana baada ya hitma, nilimwuliza kama mwanawe alijua. Akasema, "N'limwambia zamani kuna ya pili imeshonwa ngozi. Alisema mama, hayo ni hekaya." Mpaka siku ile ya jikoni ilikuwa hekaya, kaka. Mimi ndiye niliyemwambia ipo, iko wapi, na ufunguo anao nani.

Miaka yote hii tunaizungusha kwa matari na ubani, tunawazomea watoto wakiikaribia, na ni hati. Kama ni hati. Sijaiona, na siamini kitu nisichokiona. Huenda Baba alijua, akasema habari za upofu ili asiifungue mtu wa haraka. Huenda na yeye alidanganywa vilevile.

Jana hiyo hiyo, naosha vikombe, Lamees akaja jikoni akashika kitambaa akaanza kuvifuta, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akasema bila kunitazama, "Baba ndege yake tarehe thelathini. Analala Dar, halafu Tanga. Nakwambia tu." Nikamwambia ahsante. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananisaidia au ananipima nitafanya nini. "Nauliza tu" na "nakwambia tu" zinatoka nyumba moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukipata barua, usimwambie mtu mpaka Ijumaa. Ijumaa baada ya sala, msikiti ukiwa umejaa, mwite Mzee Shomvi imamu na mwenyekiti wa kijiji, na wanawake waje pia wasimame uwanjani. Ishushe mbele ya watu wote. Fumua uzi kwa wembe, taratibu, upande mmoja tu, usiikate ngozi. Usiifungue nyumbani peke yako hata ukishikwa na hamu, kwa sababu wataweza kusema umeitia mwenyewe.

Khati zitakushinda, najua, ulikuwa unatoroka chuoni kwenda kukamata kaa. Ndani ya bahasha nimeweka nakala yangu, upande mmoja khati, upande mmoja herufi za skuli. Mzee Shomvi alinganishe neno kwa neno. Ikilingana na muhuri upo, mwenyekiti aipeleke wilayani siku hiyo hiyo ikaandikishwe, na wewe ufuatane naye. Mkono wako usiiachie.

Kama mtaogopa upofu, mwambie Mama aifumue yeye. Hana anachoogopa huyo.

Na kama ndani mtakuta aya tu, au vumbi la mchwa, niambie hivyo hivyo. Nikikupigia useme mvua haikunyesha. Ikiwa hukumu imo, sema mvua imenyesha siku tatu, kama kesi ilivyochukua. Nitaelewa, na kama Lamees anasikiliza atajua tu Pangani kuna mvua.

Mimi nitabaki. Mkataba wangu bado una miezi saba, na pasi ninayo ya kuifikiria tu. Usinihurumie sana. Bi Wadha leo ameniambia nimsomee tena ya kisima, nikamwambia anayo Bwana Asaad. Akasema, "Kwani kichwani huna?" Ninayo. Nimemsomea yote bila karatasi, amelala anatabasamu. Bado simwamini, lakini nilimfunika shuka vizuri.

Nisalimie Mama, umwambie namuwaza kila nikishika goti la bibi wa watu. Nisalimie Wifi Shukriya na watoto, Mzee Shomvi, Bi Mwanakheri jirani, na binamu Sabir, wajina wa Baba, kama amerudi Tanga. Kaburi la Baba limwagilieni maji, na mwambieni nimesoma alichonifundisha. Mungu awalinde nyote ndani ya mipaka ya Kisimani, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana sura.

Bwana Asaad akifika, mpokee kwa heshima, kaka, ni mgeni na ni mtoto wa watu. Mpe kiti kizuri, na tende zake zipokee. Wifi apike uji wa pilipili manga, sufuria kubwa, la kutosha kijiji. Lakini usimiminwe mpaka karatasi isomwe.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Hanifa binti Sabir